Lori la Jeshi Lililobeba Jibini

Sauti ilitangulia. Kule Karuba, ukungu wa asubuhi ukishalala juu ya malisho, huoni hata pembe za ng'ombe unayemkamua, lakini sauti hupenya ukungu kama maji yanavyopenya kitambaa. Tulikuwa tumechuchumaa, ndoo katikati ya magoti, vidole vimepakwa siagi kidogo ili visimuumize mnyama, harufu ya majani mabichi na samadi yenye mvuke ikitujaa puani, na kutoka bondeni upande wa Mushaki mngurumo ulianza, ukapotea nyuma ya kona, kisha ukarudi ukiwa mnene zaidi. Mikono yote ilisimama. Maziwa yaliacha kulia ndani ya ndoo. Baba yangu, shavu lake likiwa bado limeegemea ubavu wa ng'ombe, alisikiliza kidogo, akataja. "Ile ya bia. Iko tupu, chupa zinacheza." Siku nyingine: "Hii ya viazi. Dereva iko mupya, anakanyaga pedali ya embrayaji sawa muntu anaua nyoka." Baadaye sana ukungu ulipopasuka, lori la bia lilitokea kweli, makreti yakigongana, na sisi watoto tulimtazama baba kana kwamba yeye ndiye aliyelitengeneza.

Mgeni angedhani ni mchezo. Ulikuwa mchezo, na ilikuwa pia kazi ya kila nyumba. Katika milima ya Masisi, na zaidi kule chini kwenye misitu ya Walikale, mtu mzima aliyeshindwa kutofautisha injini moja na nyingine alionekana kama mtu asiyejua kuwasha moto. Sauti ya lori la bia ilimaanisha endelea kukamua. Sauti ya gari usilolijua ilimaanisha wapeleke ndama nyuma ya kilima, kisha uliza. Sauti nzito, ya chini, yenye kurudiarudia kama mtu anayetwanga mihogo mikavu ndani ya kinu kirefu, ilimaanisha lori la jeshi, na hapo hakuna aliyeuliza ni jeshi la nani. Watu waliondoka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi tulikuwa tumeumwa na nyoka wa kila rangi.

Baba peke yake aliisikia sauti ile akatabasamu. Wote walimwita Papa Neema, kwa kuwa mimi Neema ndiye kifungua mimba wake. Jina lake la ubatizo lilibaki kanisani na ofisini. Alirithi ng'ombe kutoka kwa baba yake, akawatunza vizuri, akatengeneza jibini za mviringo pamoja na mama katika kibanda cha mbao kilichonukia chumvi na moshi. Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa barabarani. Ujana wake aliutumia akiwa utingo kwenye malori ya Goma, na kutoka huko alirudi na kovu la radieta mkononi pamoja na maoni kuhusu kila kitu chenye magurudumu. Kipendacho roho hula nyama mbichi. Watu wengine walijadili siasa na bei ya maharagwe. Baba alijadili ekseli.

Pale kijijini barabara inapotulia kidogo baada ya mpando, madereva walisimama kupoza injini, na baba aliteremka na kikombe cha maziwa kwa ajili ya dereva ili apate ruhusa ya kuinama chini ya gari. Nilimfuata mara nyingi, kwa hiyo mafundisho yake ninayo mpaka leo. Usinunue gari lililooshwa injini asubuhi ileile unayokwenda kuliona. Mwenye nalo anaficha jasho. Usiamini namba za kilomita, tazama mpira wa pedali, maana mguu hausemi uongo. Fungua kifuniko cha mafuta: ukiona povu jeupe, maji yameingia mahali pa mafuta, shukuru na uende zako. Moshi mweusi ni ulafi, unatibika. Moshi wa bluu ni uzee. Moshi mweupe usiokoma ni msiba, na majirani wote wataalikwa.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa mjomba Espoir, mdogo wake mama, kijana wa Goma aliyevaa miwani ya jua hata wakati wa mvua. Espoir alipenda magari ya mbio, yale ya chini chini, yaliyochakaa ng'ambo yakaletwa kwetu usukani ukiwa kulia, yenye bawa nyuma na bomba la moshi pana kama chungu. Alikuja na lake mpaka Sake, chini ya milima, akaliacha kwa rafiki, kisha akapanda Karuba kwa pikipiki, na baba hakumwacha apumzike.

"Umekuja na nani, shemeji?" aliuliza baba. "Gari yako iko wapi?"

"Iko Sake, inapumzika."

"Inapumzika, ao inaogopa?"

"Papa Neema, ile iko na turbo. Ukikanyaga, kiti kinakupiga mugongo."

"Kiti kikupige mugongo sababu gani? Ulikikosea nini?"

Tulicheka, Espoir pia. Lakini baba hakusema kwa utani tu. Aliamini kwamba turbo ya gari la mbio ni kama mtu anayetoa msaada baada ya mazishi: nguvu yake inakuja injini ikishapiga kelele sana, wakati mlima unataka nguvu pale mwanzo, taratibu, gurudumu likiwa bado linatafuta jiwe la kushika. Gari la Espoir lililamba barabara, alisema, na barabara yetu haina ladha nzuri. Kitu kimoja alikiheshimu: breki. "Bale bantu banajua kusimamisha," alikiri, na kwa baba hiyo ilikuwa sifa kubwa, kwa kuwa kwetu wengi wanajua kwenda, na wachache wanajua kusimama.

Alipofika kwenye vyombo vya jeshi, sauti yake ilibadilika. Lori la jeshi, kwa maoni yake, lilitengenezwa na watu waliokubali ukweli kuhusu binadamu. Walijua dereva atakuwa amechoka, amelowa, anaogopa, na hakusoma sana. Kwa hiyo walimpa gia ndefu kama mpini wa jembe, injini isiyo na kompyuta, chujio la kutosha kunywa mazutu, yaani dizeli, hata yenye matope, na magurudumu sita yote yakivuta. Magari meupe ya kivita ya walinda amani hakuyapenda. Aliyaita mafahali wanaoogopa madaraja, maana kila walipofika kwenye daraja la magogo walisimama wakapiga simu. Kifaru cha minyororo alikiona mara moja tu, akasema kinafaa kwa tope lakini kinakula barabara ya watu, na dereva wake anakaa kama nyama kwenye sufuria. Bunduki hazikumhusu. Aliweza kuzungumza juu ya lori la kijeshi jioni nzima bila kutaja hata mara moja waliopanda juu yake. Mama alimwambia hivyo siku moja akigeuza jibini kwenye ubao: "Weye unaona mapine ya gari tu. Siye tunaona benye bako mu-juu."

Mama hakuwa mtu wa kubishana kwa muda mrefu. Alisema mara moja, kisha akaendelea na kazi. Ndiyo maana baba alifikiri amekubali.

Likizo kubwa ya shule ya mwaka mmoja, nikiwa bado msichana mdogo, kiangazi kilipokausha barabara, baba alirudi kutoka Goma akiendesha lori la jeshi. Lilikuwa limestaafu. Lilikuwa limekaa miaka katika yadi ya mfanyabiashara aliyenunua vyuma chakavu, majani yameota kwenye bodi, na baba alilibadilisha kwa sehemu ya ng'ombe wetu, pamoja na fahali mwekundu ambaye mama alimlea kwa chupa. Kijiji kizima hakikuliona likiingia. Kijiji kizima kilikuwa nyuma ya kilima pamoja na ndama, kikisikiliza, na baba alizima injini katikati ya uwanja mtupu, akapiga honi, akaita majina ya majirani mmoja mmoja mpaka vichwa vikaanza kuchomoza. Walimcheka mpaka jioni. Yeye pia alicheka. Hakuna aliyefikiri kwamba alikuwa ameonyeshwa jambo.

Siku zilizofuata alilipaka rangi. Kijani kikafunikwa na nyeupe, ubavuni akachora ng'ombe mwenye nundu ndefu kupita kiasi, na juu ya kioo akaandika kwa herufi za bluu MAZIWA YA AMANI. Alitaka mtu yeyote atakayeliona kutoka mbali ajue kwamba chuma hiki kimeokoka. Mama alishika kopo la rangi, akamtazama akifanya kazi. Nilimpenda baba sana siku zile. Mikono yake ilikuwa nyeupe hadi viwikoni, na alipiga miluzi.

Mpango ulikuwa mzuri. Kule Ntoto, chini msituni katika Walikale, watu walikuwa na mawese, ndizi na samaki wa kukausha, na hawakuwa na maharagwe, viazi wala jibini. Malori ya kawaida yaliogopa ile barabara. Yalikuja kwa nadra na kukwama kwa muda mrefu. Lori letu halikukwama. Tulipita mji wa Masisi, tukalala njiani kwa ndugu wa mama, kisha tukaanza kushuka, hewa ikipata uzito na joto, mianzi ikaisha, miti ikawa mirefu hadi jua likawa kitu cha kusikia habari zake. Baba alizungumza njia nzima. Kwenye tope la kwanza alishusha gia, akainua kidole, akasema tusikilize. Lori liliguna, likashika, likapita. "Umesikia, Neema? Hapana hasira. Kazi tu." Nilikaa katikati yake na mama, miguu juu ya boksi la gia lililotoa joto kama mbavu za ng'ombe, na sikuona mahali bora zaidi duniani.

Tulipoingia Ntoto, hapakuwa na mtu. Vyungu vilikuwa motoni. Kwenye kizingiti kimoja kulikuwa na sahani ya sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa, kijiko kimesimama ndani yake. Kuku walitembea katikati ya njia kwa utulivu wa wenye mji. Viatu vya mtoto vililala mmoja hapa, mmoja mbali, kwa mpangilio wa mtu aliyevikimbia vikiwa vinamtoka. Baba alishuka, akasimama kando ya ng'ombe wake wa rangi, akangoja waone. Hakuna aliyekuwepo wa kuona. Alikuwa amepaka rangi kwa ajili ya macho, na watu wa Ntoto hawakungoja macho. Walikuwa wamelisikia tangu daraja la tatu, wakaondoka wakati sisi bado tulikuwa tunasifia gia.

Mama ndiye aliyepata dawa. Hakurudia neno lake la matairi na wanaopanda juu. Alifunga kitenge vizuri, akanishika mkono, tukatembea mpaka ukingo wa msitu, na pale akaanza kuita kwa sauti ya sokoni, "Mama, muko? Siye tumeleta maharagi. Muko na mawese?" Aliita kama anayeita jirani aliyelala mchana. Mwishowe kichaka kilijibu kwa sauti ya mwanamke: "Mukubwa wenu njo nani?" Mama akasema, "Mukubwa yetu njo huyu mutoto, tunamutii." Kicheko kilitoka kabla ya watu. Aliyetoka mbele alikuwa Mama Odette, mwanamke mwembamba mwenye majani kwenye nywele, mumewe nyuma yake amebeba mtoto mchanga na godoro, na kando yao Odette mwenyewe, msichana wa umri wangu, asiye na viatu, maana vile viatu njiani vilikuwa vyake.

Tangu siku hiyo ulikuwa utaratibu wetu. Baba alizima lori kabla ya mto wa Ntoto na daraja lake, mama na mimi tukatangulia kwa miguu, tukaita, ndipo yeye akaingia taratibu. Lakini likizo iliposonga, utaratibu ulilegea, na ulilegea kwa sababu ya Odette. Alikuwa na sikio. Mara ya tatu tulimkuta amekaa juu ya gogo la daraja, hajakimbia, miguu inaning'inia. Alimwambia baba kwamba lori letu likibadilisha kwenda gia ya pili linakohoa kidogo, mara moja, kama mzee anayetaka kuingia ndani ya nyumba, na kwa kikohozi hicho alikuwa amelijua. Baba alikaa naye kwenye gogo. Alimfundisha mengine: mlio wa feni, mluzi wa mkanda, tofauti ya lori lililobeba na lori tupu. Sijawahi kumwona akifurahi vile. Alikuwa amesema peke yake miaka yote, na sasa msituni amempata mtu anayesikia anachosikia. Nilipata wivu kidogo, kisha ukaniisha, kwa kuwa Odette alinifundisha kuogelea.

Ikawa hivi: mngurumo ulipoanza huko mbali, watu wa Ntoto walisimama, wakamtazama Odette. Akisema, "Njo ya Papa Neema," vyungu vilibaki motoni na watoto walikimbia kuelekea daraja badala ya msitu. Baba aliona vichwa vidogo vikiruka kando ya njia, akapiga honi. Jioni moja alimwambia mama, "Unaona? Hawaogopi tena." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyefanya jambo jema, na nadhani hata mama siku ile aliona ni jema. Papa Odette, aliyekuwa mtu wa maneno machache na mwenye kucheka kimoyomoyo, alianza kumwita baba "jenerali wa jibini".

Halafu lori jingine likaja. Hatukuwepo, tulikuwa Karuba tukipanga viazi kwenye magunia, kwa hiyo nasimulia kama tulivyosimuliwa. Lilikuwa la aina ileile, injini ileile, kutoka katika kiwanda hichohicho cha mbali. Lilishuka kwenye mto, likabadilisha gia, likakohoa. Watu walisimama wakamtazama Odette, na Odette akasikiliza vizuri, kwa makini, kama alivyofundishwa, akasema ni la Papa Neema. Watoto wakakimbia kwenda darajani. Waliokuwa juu ya lori lile walikuwa na silaha na walihitaji watu wa kubeba mizigo yao kuingia msituni. Walichukua chakula, wakachukua wanaume waliowakuta wamekaa milangoni mwao wakisubiri maharagwe. Wote walirudi baada ya siku nyingi, wakiwa wamekonda, wakiwa hai, na watu walimshukuru Mungu. Papa Odette alirudi na bega la kulia lililoshuka, na mkono wake haukuinuka tena juu ya kifua.

Sisi tulifika baadaye bila kujua. Tulikuta vyungu motoni na hakuna mtu, kama mara ya kwanza. Mama akanishika mkono, tukaenda ukingoni, akaita. Kichaka hakikujibu. Aliita mpaka sauti ikakauka. Jua likiwa limeinama, Mama Odette alitoka peke yake, akapita kando yetu bila salamu, akaenda moja kwa moja kwa baba aliyesimama kando ya lori. Alimweleza yote kwa mpangilio, taratibu, kama mtu anayepima unga. Baba alivua kofia. Alisema angebadilisha bomba la moshi, angeweka lingine lenye mlio mwembamba, angefunga kengele.

"Papa Neema, gari yako iko muzuri," alisema Mama Odette. "Sikatae. Lakini siye hatukuwa na kitu ingine. Hatuna bunduki, hatuna simu, hatuna ukuta. Tulikuwa na masikio. Sasa tukisikia, tunaulizana. Kama bantu banaulizana, bamesha chelewa."

 Baba aliuliza Odette yuko wapi. Mama Odette alisema mtoto hazungumzi. Tangu siku ile anakaa na mikono juu ya masikio, hata kwa radi, hata kwa mchi. Mama yangu aliniangalia, nikaenda. Nilimpata karibu na mahali tulipoogelea. Nilikaa naye mpaka akainuka mwenyewe, tukarudi pamoja. Watu walikuwa wameanza kutoka mmoja mmoja, wakasimama mbali na lori, Papa Odette kati yao, mkono umefungwa kwa kitambaa. Odette alisimama mbele ya baba. Alikuwa mchafu wa machozi ya zamani. Alimuuliza swali moja tu, na wote waliokuwa pale walilisikia.

"Papa Neema, weye ungejua?"

Ningependa msomaji afahamu uzito wa swali hilo kwa mtu yule. Aliyeulizwa ni mtu aliyetaja lori la bia ndani ya ukungu akiwa ameegemea ng'ombe; aliyejua dereva mpya kwa mguu wake na gunia pungufu kwa springi za lori. Hicho ndicho alichokuwa nacho duniani ambacho wengine hawakuwa nacho. Alimtazama Odette, kisha akatazama bega la baba yake.

"Hapana," alisema. "Hata miye singejua. Muntu yeyote asingejua." Kisha akageukia watu wote, akarudia kwa sauti kubwa zaidi ili wa nyuma wapate: "Hii mutoto hakukosea. Hizi gari ziko na sauti moja."

Mpaka leo sijui kama ilikuwa kweli. Nimefikiri juu yake mara nyingi. Mara naona kwamba angejua, mara naona kwamba siku ile ndiyo alijifunza kuwa hajui. Sikuwahi kumuuliza. Najua tu kwamba Odette alishusha pumzi ambayo nadhani aliizuia tangu siku lori lile lilipovuka daraja, na mama yake akamvuta kando, akaanza kumfuta uso kwa ncha ya kitenge, kwa ukali kidogo, kama akina mama wanavyofuta.

Nusu ya viazi vyetu tuliwaachia bila kubadilishana, tukarudi Karuba na vilivyobaki. Njiani baba hakusema neno juu ya gia. Wanunuzi walikuja, maana lori lilikuwa zima na watu wanajua kitu kizuri. Mmoja alitoka Goma na gari lake la fahari, akalizunguka lori letu akipiga matairi teke. Baba aliwarudisha wote. Alisema akiliuza likiwa zima, litapita tena Ntoto. Basi alilifungua mwenyewe, boliti kwa boliti, uwanjani mwetu, akiwa amekaa juu ya kigoda cha kukamulia. Ekseli zilikwenda kwa mfua vyuma, mbao za bodi zikawa sakafu ya kibanda cha jibini, springi zikawa mapanga mazuri yaliyosifiwa mpaka Masisi. Injini aliifungua mwisho. Mjomba Espoir alikuja akamkuta amezungukwa na pistoni juu ya majani ya migomba, akavua miwani yake, akauliza kama asaidie. Walifanya kazi pamoja mchana kutwa na sikusikia utani hata mmoja. Ng'ombe waliobaki walichukua muda mrefu kuongezeka. Mwenye kovu usidhani kapoa, na mama hakumlaumu, lakini fahali mwekundu alitajwa mara kwa mara mezani, kwa upole, kama ndugu aliyehamia mbali.

Sasa naishi Goma na ninaandika vitabu, na kutoka dirishani nasikia barabara siku nzima. Vijana bado wanapenda magari ya mbio yaliyochoka, na bomba zao sasa zinalipuka kwa makusudi. Espoir, mwenye kitambi na watoto wanne, anawauzia vipuri na kuwaonya juu ya turbo kwa maneno ya baba yangu bila kumtaja. Malori ya jeshi yameongezeka, mapya na ya zamani. Lakini kule Walikale kilichobadilika zaidi ni pikipiki. Anayeleta sabuni anakuja kwa pikipiki, muuguzi pia, na mwenye bunduki pia, kwa pikipiki zilezile zenye mlio uleule mwembamba kama wa nyuki, na mlio ule unafika pamoja na mtu, si kabla yake. Utotoni mwetu woga ulikuwa na sauti nzito, na ulitangulia kiasi cha kutosha kumbeba mtoto, godoro na sufuria moja. Sisemi zama zile zilikuwa njema. Nasema tu kwamba zilitupa nafasi ya kukimbia, na baba yangu, aliyependa chuma kuliko alivyoelewa, aliichukua nafasi hiyo kutoka kwa watu kwa muda wa likizo moja, kisha akairudisha kwa gharama ya yote aliyokuwa nayo. Wapo wenye vyuma vikubwa zaidi ambao hawajarudisha kitu.

Mwaka huu baba na mama walikuwa kwangu Odette aliponipigia simu. Tumeendelea kuzungumza miaka yote. Yeye ni mwalimu wa darasa la kwanza. Alisema baba yake amelala, hakuamka, na watamzika kule kule Ntoto. Nilimpa baba simu. Alisikiliza amesimama, akasema "ndiyo" mara kadhaa, akanirudishia. Kisha akaanza kutafuta koti lake. Tulimwambia barabara si salama, kwamba hata wenye nguvu hawapiti, kwamba magoti yake hayawezi. Aliendelea kufunga vifungo. Mama, aliyemjua, hakubishana. Aliingia jikoni akatoka na jibini nzima ndani ya kitambaa, akamwekea mkononi.

"Utaenda na gari gani?" alimuuliza.

Maisha yake yote baba alikuwa na jibu la swali hilo, pamoja na sababu, na kasoro za magari mengine yote.

"Yoyote," alisema. "Yenye itakuwa inaenda."

Akatoka, akavuta mlango nyuma yake.